Mstari Mtupu wa Aisilandi

Jumamosi, 11 Septemba 1982

Mundi ndiye aliyenitia kwenye hili daftari. Mume wangu yuko melini mpaka karibu na Krismasi, na kila nikimpigia kwa redio naongea mpaka wavuvi wa meli nyingine zote wanatusikiliza. Juzi akaniambia, "Sesselja, mke wangu, hayo mengine yaandike, nitayasoma nikirudi. Jana nahodha wa meli ya jirani kaniuliza kama Ingileif ameacha kutapika."

Basi naandika. Shule niliiacha na miaka kumi na miwili, kwa hiyo nikikosea, Mundi, nivumilie kama ulivyonivumilia mengine.

Ameacha kutapika. Mwambie nahodha.

Mimba ya binti yetu ina miezi mitano sasa. Daktari kamwona tena juzi, kasema mtoto huyu lazima azaliwe hospitali, kwa kupasuliwa, na hataki kusikia hadithi nyingine. Hospitali iko ng'ambo ya mlima. Yule wa kwanza, majira ya baridi ya mwaka juzi, greda la theluji lilikuwa limekatika kitu fulani, njia ya mlimani ikafunga siku mbili, na mtoto hakusubiri. Alizaliwa jikoni kwangu na hakupumua. Hilo nimeliandika, sirudii.

Greda si letu. Ni la Wamarekani wa kituo cha rada, pale ninapopika mwaka wa kumi na tisa huu. Hrafnkell wa hapa kijijini ndiye dereva wake. Yeye akipita mbele, sisi tunapita nyuma. Asipopita, hakuna njia, na boti ya posta Januari haithubutu kutoka kwenye ghuba.

Jumanne, 14 Septemba

Mvua. Kesho wanaume na wanawake wenye miguu mizuri wanapanda milimani kukusanya kondoo. Mimi ninabaki na masufuria.

Jumamosi, 18 Septemba

Kondoo wameshuka, watu wawili wakabaki. Askari wawili wa kituoni waliomba kwenda kukusanya kondoo na wenzao, vijana wazuri, mmoja hula viazi tu. Ukungu ukashuka, wakapotea. Hrafnkell akakusanya kikosi cha uokoaji, wanaume kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili. Wote walikuwa wametoka kutembea siku tatu nyuma ya kondoo, nyayo zimechubuka. Wakarudi juu.

Wamewaleta leo mchana. Mla viazi amevunjika mguu. Walimbeba kwa zamu, saa sita nzima, kwenye mawe yale.

Kapteni wa kituo akaja na kasha la wiski na karatasi. Anataka kujua kamba ngapi, mafuta kiasi gani, watu wangapi.

"Si kitu," Hrafnkell akasema.

"Watu kumi na wawili, usiku kucha mpaka mchana, si kitu vipi?"

"Tulikuwa njia hiyo hiyo."

Njia hiyo hiyo, anasema, na viatu vimejaa damu. Wiski aliichukua, akagawa. Karatasi akairudisha nyeupe. Ndivyo watu wetu walivyo. Ukimshukuru mtu anatahayari utadhani umemfungulia mlango wa bafu.

Jumatatu, 27 Septemba

Borghildur wa simu ameniita. Simu zote za huku hupitia kwenye mashine yake, na yeye hupitia kwenye simu zote. Watu wanasema mimi ndiye ninayependa habari. Mimi huyu nasubiri habari zinifikie. Yeye huzifuata ndani ya waya.

"Shoga, keti kwanza," akasema. "Wabunge wa Marekani wanakuja."

"Kuja wapi?"

"Kituoni kwako. Kapteni alikuwa anaongea na Reykjavik."

"Ulisikiliza?"

"Nilikuwa naangalia kama laini iko safi."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini. Ilikuwa safi."

Chakula cha jioni nikamwekea Kapteni nyama mara mbili, akanieleza. Bunge lao lina kamati. Watu wa kwao wamechoka, wanauliza kwa nini wao ndio wabebe mzigo wa kulinda nchi za watu. Kwa hiyo kamati inazunguka nchi za NATO moja moja, inauliza: nyinyi mnachangia nini? Akanionyesha orodha. Kila nchi ina mstari wake: askari, vifaru, ndege, meli. Wajerumani mstari umejaa mpaka pembeni. Wanorwe umejaa. Mstari wa Aisilandi ni sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Sasa tuweke nini, na jeshi hatuna.

Chini kabisa, kwa wino mwekundu, kuna greda. Wameandika: kwa nini jeshi la Marekani lisafishe barabara ya raia wa nchi isiyochangia? Ruhusa ya kulitumia njia ya mlimani inakwisha tarehe 31 Desemba. Kamati ikikataa, greda litasafisha uwanja wa kituo tu.

Ingileif anatarajiwa tarehe 20 Januari.

Nikamuuliza Kapteni, nyama umeshiba?

Jumapili, 3 Oktoba

Soseji za damu, sitini na nne. Mikono inanuka kondoo mpaka Pasaka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mkutano ukumbini kuhusu wageni. Wote tulijua hatari ya greda, maana nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Ketill wa Fossgerdi akasimama. Huyu ndiye mwenye chemchemi. Maji yote ya kituo, ya kunywa, ya kuoga, ya sufuria zangu, yanatoka shambani kwake tangu mwaka 1955, na hajawahi kuyataja hata akiwa amelewa.

"Wakija, wapewe kahawa," akasema. "Wakiuliza, wajibiwe ukweli. Lakini atakayesimama mbele ya mgeni kuanza kujisifia wema wake, mimi natoka nje."

Tukapiga makofi. Hata mimi. Nilipiga kwa nguvu.

Ijumaa, 15 Oktoba

Wamekuja na wamekwenda, na mimi nimefanya jambo.

Kiongozi wao ni mbunge anaitwa Prather. Mrefu, kwao analima mahindi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaniharibia: alikula chapati zangu nyembamba za krimu saba, na ya nane akaikunja kwenye leso. Pamoja naye Bi Corrigan, mwandishi wa kamati, mama wa makamo kama mimi, kalamu yake haipumziki.

Mkalimani alitoka Reykjavik. Ukumbi ukajaa. Prather akaanza na Hrafnkell.

"Kikosi chenu cha uokoaji kinahudumia kituo chetu?"

"Hapana."

"Lakini mwezi uliopita mliwaokoa askari wetu wawili."

"Walikuwa wamepotea."

"Basi mnahudumia kituo."

"Hapana, mzee. Angepotea mpishi tungemtafuta mpishi." Ukumbi mzima ukanigeukia. "Ila huyo hapotei, anasikika."

Wakacheka. Prather akangoja watulie. "Kazi ile iliwagharimu nini?"

"Si kitu."

Akaandika. Akamwita Ketill.

"Maji ya kituo yanatoka kwako?"

"Yanatoka mlimani."

"Mlima wa nani?"

"Wangu. Lakini sikuutengeneza mimi."

"Unalipwa?"

"Kwa lipi? Kwani mimi ndiye ninayenyesha?"

"Kwa hiyo mchango wako, tuseme, ni nini?"

"Si kitu," Ketill akasema, akakaa, na watu wakamtazama kwa heshima kama amepiga goli.

Saa mbili nzima hivyo. Mwenye malisho yaliyokatwa na uzio wa kituo: si kitu. Mama aliyewalaza askari tisa mwaka kituo kilipoungua: si kitu, walikuwa wamelowa tu. Watu wazima wanashindana nani hajafanya kitu. Na yule bwana wa mahindi anaandika sifuri, hana ubaya, anaandika anachoambiwa. Nikamtazama Ingileif, amekaa mstari wa nyuma, mikono juu ya tumbo. Nikatoka nikaenda jikoni nisije nikapiga kelele.

Bi Corrigan akanifuata kuomba kahawa. Kiingereza changu ni cha jikoni, najua chumvi, moto, kaa, toka, kula. Kumbe kinatosha. Akauliza, "Hapa watu wote hawafanyi kitu?"

Mundi, mume wangu, nilifunguka. Nikamwambia maji ya Ketill, mwaka kwa mwaka. Nikamwambia viatu vya Hrafnkell. Nikamwambia moto wa kituo na askari tisa, na yule mama aliyewapa nguo za marehemu mumewe na mpaka leo hajazidai. Halafu ulimi ukapata mteremko. Nikasema Ketill huwaimbia kondoo dume akidhani hasikiki, na Hrafnkell, shujaa wa milima, anaogopa ng'ombe, na Borghildur husikiliza simu zote na ndiyo maana hatuhitaji gazeti. Nikamwambia na mtoto wa jikoni. Hilo nililisema kwa maneno matatu, yeye akaweka kalamu chini. Halafu akaichukua tena.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimeongea sana.

Jumatano, 27 Oktoba

Theluji ya kwanza. Hrafnkell amepita na greda asubuhi, nikampungia mkono kwa dirisha. Ingileif amekwenda kwa daktari na kurudi, salama. Namshukuru Mungu na chuma kile cha manjano.

Ijumaa, 12 Novemba

Imefika bahasha kutoka Washington, na kijiji kinanitafuta.

Kumbe bunge lao lina desturi hii: lolote linalosemwa kwenye kamati linaandikwa kitabuni. Na mbunge anaweza kuinua karatasi yoyote, hata ya dobi, akaomba iingizwe kitabuni, na kama hakuna anayepinga, imeingia, haitoki mpaka kiama. Prather aliinua karatasi za Bi Corrigan. Hakuna aliyepinga. Kurasa nne. "Maelezo ya Bi Sesselja, mpishi." Na yumo kila mtu. Wamo kondoo dume na nyimbo zao. Yumo ng'ombe. Borghildur ametajwa mara tatu kwenye kitabu cha bunge la Marekani.

Kapteni alinisomea anacheka mpaka machozi. Alipofika mwisho akaacha kucheka.

Kamati imesema maneno ya mpishi ni matamu lakini ni maneno. Wameleta fomu. Inataka sahihi ya mwenye maji, kwamba ameyatoa yeye bure kama mchango wa Aisilandi kwa ulinzi wa pamoja. Mwisho wa kupokea ni katikati ya Desemba. Sahihi ikija, mstari wetu hauwi mtupu, na greda wataliacha. Isipokuja, basi.

Yaani greda liko kwenye kalamu ya Ketill. Ketill yule.

Jumapili, 14 Novemba

Nimekutana na Ketill dukani, mbele ya ndoo za maziwa ya mgando. Nikamsalimu. Akaisalimu ndoo.

Fomu alipelekewa jana. Inasemekana aliisoma mara moja, akaiweka chini ya redio.

Jumatano, 17 Novemba

Nimeomba simu siku tatu. Borghildur anasema laini imeharibika. Namsikia anapumua kwenye laini iliyoharibika.

Jumapili, 21 Novemba

Leo baada ya ibada nimekwenda kwa Borghildur mwenyewe, na keki. Hakunikaribisha, ila hakufunga mlango pia, nikaingia.

"Mara tatu, Sesselja," akasema. "Ungenitaja mara moja ningevumilia."

"Nisamehe, shoga. Nilikuwa nawasifia, nikapitiliza."

"Wewe kupitiliza ndiyo stesheni yako."

Tukanywa kahawa. Halafu akaanza kunieleza kitu, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Mwaka juzi, zile siku mbili za Ingileif, nilidhani nilipiga simu hospitali mara kumi na nikapata mara kumi kwa bahati. Hakukuwa na bahati. Nguzo zilikuwa zimeanguka. Borghildur alikaa kwenye ile mashine saa thelathini bila kushuka kwenye kiti, akiizungusha simu yangu kwa mashamba ya upande wa kaskazini, huku anawaomba watu wa laini nzima waweke mikono ya simu zao chini ili sauti ya daktari inifikie. Na wote wakaweka. Hakuna aliyesikiliza. Kijiji hiki, Mundi. Hakuna aliyesikiliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ilikuwa si ki..." Akaona uso wangu.

"Ukimalizia hilo neno nakupiga na keki," nikamwambia.

Nimeishi naye jirani miaka thelathini, nikimwita masikio. Nimelia njia nzima ya kurudi, nikacheka pia, mchanganyiko.

Jumatatu, 29 Novemba

Upepo. Njia ilifungwa asubuhi, saa nane Hrafnkell akaifungua. Kijijini hakuna anayemwambia Ketill kitu kuhusu fomu. Wangependa asaini, wote, nawaona machoni. Lakini kumwomba mtu atangaze wema wake hapa ni kama kumwomba avue nguo.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimekwenda Fossgerdi kwa miguu. Nilijiapiza: naenda kuomba radhi, fomu sitaitaja. Ketill alikuwa zizini, hakuwa anaimba.

"Nimekuja kuomba radhi kwa habari ya kondoo," nikasema.

"Sawa."

"Na kwa habari ya maji."

Hapo akaweka uma wa nyasi. "Kondoo ningecheka. Maji, Sesselja, umeniumiza. Miaka ishirini na saba hakuna aliyeweza kusema Ketill anataka kitu kwa maji yake. Sasa imeandikwa Amerika kwamba sikulipwa. Mtu akisoma atadhani nilikuwa nahesabu."

"Hukuhesabu. Nilihesabu mimi."

"Na wanataka nisaini. Kitu nilichotoa nikikisainia, bado ni kitu nilichotoa? Au kimekuwa mkataba?"

Mimi ni wa kupika. Nikakaa kwenye ndoo. Kondoo wanatafuna. Nilitaka kusema jina la Ingileif, lilikuwa mdomoni kabisa, nikaling'ata. Ni mara ya kwanza maishani nimeling'ata neno, na lina ladha mbaya.

Yeye ndiye akasema. "Anaendeleaje binti?"

"Miguu inavimba."

"Mimi nilichimba lile kaburi dogo," Ketill akasema. "Usidhani nimesahau."

Nikamuuliza, maana nilikuwa nataka tu kuongea la heri: kwani wao Wamarekani hawajawahi kukufaa kwa lolote? Akafikiri. Akasema daktari wao alikuja kwa marehemu mkewe mwaka 1961, kwa skii, zile mbao za kuteleza thelujini, kilomita kumi na nne, akakaa naye mpaka mwisho. Akasema mwaka wa barafu walimletea nyasi kwa lori. Akaendelea. Nilikaa kwenye ndoo saa nzima na sikuongea, muulize yeye kama huamini.

Jumanne, 14 Desemba

Ketill amekuja kituoni na fomu. Ameivalia tai.

Upande wa kushoto fomu imeandikwa: Vitu ulivyotoa. Amepiga mstari, mrefu, kwa rula. Upande wa kulia ameandika kwa mkono wake: Vitu nilivyopewa. Daktari, 1961. Nyasi, malori matatu. Kijana kutoka Georgia aliyenirekebishia redio. Greda, kila majira ya baridi, na lilipokatika mwaka juzi dereva na fundi wenu walilala chini yake siku mbili wakijaribu, hilo nalo naliandika. Chini ameweka: "Maji yaendelee kama kawaida. Ahsanteni." Na sahihi.

Alipoondoka Kapteni akashika kichwa. "Mama Sesselja, hii ni mbaya kuliko kutosaini. Kamati inauliza Aisilandi inatoa nini. Yeye amewaandikia Marekani inatoa nini."

"Itume," nikamwambia.

"Wataua greda kwa karatasi hii."

"Itume, Kapteni. Huyo ndiye yeye."

Ameituma kwa ndege ya leo. Tangu hapo nimeunguza supu mara mbili.

Alhamisi, 23 Desemba

Mundi amerudi. Nyumba yote inanuka ule samaki wetu wa mkesha, aliyeoza vizuri, askari wanapita wameziba pua. Amesoma mpaka hapa, amecheka, pale pa Borghildur hakucheka. Amesema niendelee. Washington kimya.

Alhamisi, 30 Desemba

Saa tano asubuhi Kapteni ameingia jikoni kwangu na karatasi ya teleksi, kofia mkononi.

Prather ameisoma fomu ya Ketill mbele ya kamati nzima, neno kwa neno, mpaka redio. Mbunge mmoja akasema huu si ushahidi wa mchango, huyu mkulima amekosea upande. Prather akajibu kwamba amezunguka nchi kumi na mbili, na kila nchi imempa orodha ndefu ya vitu ilivyotoa, na hii ndiyo karatasi pekee aliyopewa yenye orodha ya vitu alivyopokea mtu. Akasema mtu anayeandika hivi, na maji yake yamekuwa yakitoka bombani mwetu miaka ishirini na saba, mimi namwamini kuliko takwimu. Akaomba iingizwe kitabuni. Hakuna aliyepinga.

Mstari wa Aisilandi sasa hauna sifuri. Wameandika: maji, ardhi, watu. Greda linabaki, wataangalia tena baada ya miaka mitatu.

Nimemkumbatia Kapteni na mikono ya unga. Ketill alipoambiwa ameuliza tu kama redio waliiandika vizuri, maana yule kijana wa Georgia alijitahidi.

Jumatatu, 3 Januari 1983

Dhoruba tangu mwaka mpya. Tulipanga Ingileif avuke kesho akakae kwa shangazi yake karibu na hospitali. Hakuna kuvuka. Hata greda halionekani kutoka dirishani.

Jumatano, 5 Januari

Naandika hospitalini.

Alfajiri Ingileif aliniita, na kwenye shuka kulikuwa na damu. Si nyingi. Jiko ni lile lile, meza ni ile ile. Mundi akamvisha viatu, mimi nikazungusha simu, na kabla sijasema neno Borghildur akasema, "Nimeshampigia Hrafnkell. Anawasha. Daktari huyu hapa, ongea."

Hrafnkell alitangulia na greda, sisi nyuma kwenye gari la kikosi cha uokoaji, Ingileif amelala mapajani mwangu. Upepo ulikuwa unarudisha theluji kadri anavyoisukuma. Tunakwenda mita mia, tunasimama, anarudi nyuma, anaingia tena. Pale juu kabisa, penye kona mbaya, akakwama. Nikaona watu mbele, weusi kwenye weupe ule, wana makoleo. Nikadhani macho yangu. Ni kikosi, na Ketill, na askari wa kituoni kama tisa hivi, yumo na mla viazi na mguu wake uliounga. Walikuwa wametangulia na skii kwa njia ya mkato, wakaanza kuchimba kutoka huko juu, hakuna aliyewaamuru. Kapteni mwenyewe alikuwa na koleo, anachimba vibaya.

Tulikuwa njiani saa nne na nusu. Ingileif alininyima mikono, kashika ukanda wa mlango, hakulia. Nilikuwa namsimulia habari za watu ili asilale, zote nilizonazo, za miaka thelathini, na alipokuwa anafumba macho nikawa nazitunga.

Saa saba na dakika kumi mchana, msichana. Kilo mbili na nusu. Amelia kabla hawajamgeuza. Nimemsikia nikiwa koridoni, amelia kama ana malalamiko.

Mungu wangu, ahsante. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 8 Januari

Nimerudi leo, Mundi amebaki na Ingileif mpaka mishono ikauke. Njia ilikuwa imefunga tena nyuma yetu, kwa hiyo Hrafnkell akanipakia mbele, ndani ya greda, kiti cha pembeni. Miaka yote hii sijawahi kukaa mle ndani. Unaona theluji inakuja, unaisukuma, inakuja. Ile ile ya jana. Kwa saa tatu anafanya hivyo, haongei, sigara haijawashwa mdomoni.

Pale kwenye kona ya juu akasimamisha, akamimina kahawa ya chupa, akanipa kikombe kwanza.

"Hrafnkell," nikasema. "Ahsante kwa mtoto."

Akageuza uso dirishani, masikio yamekuwa mekundu. Nikamwona anatafuta lile neno lao.

"Hapana," nikamwambia. "Leo nijibu kama mtu."

Kahawa yangu ilipoa.

"Karibu, Sesselja," akasema.

Akaweka gia, tukashuka.